Kunakili kama Shule: Wanagenzi wa Uholanzi na Mwanamke Amiminaye Maziwa

Sisi tunaofundisha lugha tumelizoea neno kunakili kwa upande wake mbaya: mwanafunzi amenakili insha ya mwenzake, basi apewe sifuri. Katika historia ya uchoraji wa Ulaya, hata hivyo, kunakili kulikuwa ndiko kusoma kwenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu kwa kutumia picha moja tu, ile ya mwanamke amiminaye maziwa, iliyochorwa na Johannes Vermeer wa mji wa Delft, Uholanzi, karibu na mwaka 1660.

Itakumbukwa kuwa Uholanzi ya karne ya 17, enzi ya sanaa ya Baroki, ilikuwa na wanunuzi wengi wa picha ambao hawakuwa wafalme wala maaskofu. Wafanyabiashara walitaka picha za kutundika sebuleni, na walipenda kuona humo mambo ya nyumbani: jiko, ufagio, mtoto na mamaye. Wachoraji walisimamiwa na Chama cha Mtakatifu Luka, ambacho Vermeer alijiunga nacho tarehe 29 Desemba 1653. Kabla ya kujiunga, kijana alipitia uanagenzi, kwa kawaida miaka sita. Alisaga rangi, akanakili michoro iliyochapwa, kisha sanamu za plasta, na pia picha za rangi za mafuta za fundi wake. Kazi zake zilikuwa mali ya fundi, naye aliweza kuziuza. Hakuna aliyeona haya.

Mwanagenzi alijifunza nini hasa? Si sura ya picha, maana hiyo aliiona kwa macho. Alijifunza mpangilio wa matabaka. Picha yetu ni ndogo, sm 45.5 kwa 41, na kinachomvuta mtazamaji ni vitone vya mwanga juu ya mkate. Mwanafunzi mwenye haraka huanza navyo, naye hukosea, kwani vitone ni vya mwisho. Kwanza huja tabaka ambalo Waholanzi waliliita kwa neno lenye maana ya "rangi mfu": aghalabu kahawia, nyeusi na nyeupe, ili mwanga na kivuli vipate mahali pake. Tabaka hilo huachwa likauke, na mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hushika oksijeni ya hewani polepole hadi yakawa magumu. Kwa hiyo tabaka la juu sharti liwe na mafuta zaidi kuliko la chini, la sivyo rangi hupasuka. Kanuni hii haionekani katika picha iliyokamilika. Mtu huijua kwa kuirudia kazi yenyewe.

Hata hivyo, mnakili naye hupotea. Koti la njano la mwanamke huyu lilitiwa rangi ya risasi na bati. Rangi hiyo iliachwa kutumika katika karne ya 18, ikasahauliwa kabisa, hadi ilipotambuliwa tena mjini Munich mwaka 1941. Walionakili katika kipindi hicho walitumia njano nyingine, wakidhani wanamfuata Vermeer.

Jambo kubwa zaidi lilijulikana mwaka 2022, wakati watafiti wa makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam, yanayoimiliki picha hiyo tangu 1908, walipotangaza yaliyoonekana chini ya rangi. Nyuma ya kichwa cha mwanamke palikuwa na ubao wa kutundikia magudulia. Chini, upande wa kulia, palikuwa na kikapu cha fito cha kuwekea makaa. Vyote viwili Vermeer alivifunika. Ukuta mtupu, ambao kwa maoni yetu ndio unaoifanya picha itulie, haukuwa mtupu tangu mwanzo. Wanakili waliuchora kama sehemu rahisi ya kazi, wakamaliza upesi, wakahamia kwenye mkate. Vermeer aliufikia baada ya kufuta, na juu yake akaacha msumari mmoja na matundu machache.