Kideri na tone la jichoni

Wadau, mama mwenye nyumba wetu hapa Malimbe analea vifaranga kwenye boksi lenye balbu. Wiki ya kwanza joto liwe kama nyuzi 35, halafu analipunguza taratibu. Dagaa waliotwangwa anawalisha mkononi. Anachoogopa ni kideri tu, maana hakina tiba!

Wazungu wanakiita Newcastle, mji wa Uingereza kilikolipuka 1926. Mwaka huohuo kilikuwa Java pia. Chanjo za zamani zilitaka baridi muda wote, sasa kijijini friji ya nani? Miaka ya 1990 Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, akaleta I-2 inayovumilia joto, baadaye ikatengenezwa Temeke. Tone moja jichoni, unarudia kila miezi 3. Na kifaranga aliyezoea mkono, kumshika wala si kazi.