Bandeji za kisasa za majeraha

Bandeji za kisasa ni vifuniko vya jeraha vinavyotunza unyevu na kunyonya majimaji. Baadhi huua pia vijidudu.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1962. Mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa kwa utando wa plastiki viliota ngozi mpya takriban mara mbili ya kasi ya vilivyoachwa vikauke. Imani kongwe ya kukausha kidonda ikatikisika, na ilistahili.

Leo zipo za alijineti, itokanayo na mwani, na zenye madini ya fedha, ambayo ayoni zake hudhuru bakteria.

Hata hivyo, kwa mshono wa upasuaji uliofungwa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 itumike bandeji ya kawaida: ushahidi haukuonyesha kwamba za kisasa hupunguza maambukizi zaidi.