Jinsi ya kuchagua baiskeli kwa wakazi wa ghorofani

MKAZI wa Nairobi aliyepanga nyumba ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, hukabili milima miwili kila siku: mmoja barabarani, mwingine kwenye ngazi. Wengi hununua baiskeli kwa kutazama rangi na bei pekee. Baada ya miezi michache, huchoka kuibeba na kuiacha uani, ambako huibwa au kuliwa na kutu.

Jiji hilo liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na limekatwa na mabonde ya mito. Anayetoka katikati mwa jiji kuelekea Westlands kupitia Museum Hill hana budi kupanda.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni uzito. Baiskeli maarufu ya Black Mamba husifika kwa uimara na kubeba mizigo, lakini ina takriban kilo 20 na kwa kawaida haina gia za kubadilisha. Yenye fremu ya alumini huweza kuwa na kilo 12 hadi 14. Kabla ya kulipa, mnunuzi aiinue begani na kutembea nayo kwa dakika mbili. Akilemewa dukani, ngazi zitamshinda.

Pili ni gia. Gurudumu la mbele la mnyororo likiwa na meno 44 na la nyuma 22, tairi huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa kanyagio. Yote mawili yakiwa na meno 28, tairi huzunguka mara moja tu. Mwendo hupungua, lakini nguvu inayohitajika mlimani huwa nusu. Hivyo basi, idadi kubwa ya gia si hoja. Muhimu ni kuwepo kwa gia nyepesi.

Anayepanda sharti ateremke. Breki zikaguliwe mbele na nyuma, hasa kwa baiskeli iliyotumika, kwani rimu iliyolowa hupunguza uwezo wa breki za mpira wakati wa mvua.

Kwa mwenye chumba kidogo, baiskeli ya kukunjwa yenye magurudumu ya inchi 20 huingia hata chini ya meza. Kasoro yake ni kwamba magurudumu madogo hutikisika sana kwenye mashimo. Ya umeme hurahisisha mlima, ila nyingi huzidi kilo 20. Afadhali ile ambayo betri yake hutolewa na kuchajiwa ndani.

Hatimaye, mnunuzi atenge fedha za kufuli madhubuti, ahifadhi risiti na kunakili nambari iliyochongwa kwenye fremu. Bila nambari hiyo, ni vigumu kuthibitisha umiliki baiskeli iliyoibwa ipatikanapo.