Fundi Asiyejiona

Mchoraji akitaka kuichora sura yake mwenyewe huweka kioo mbele yake, akajitazama, akachora, akafuta, akajitazama tena, na kazi yote tangu mwanzo hata mwisho huwa chini ya macho yake. Lakini mpiga picha aliyekusudia kujipiga mwenyewe hukabiliwa na tabu ya namna nyingine, yaani saa ile ile ambayo jicho lake lahitajiwa nyuma ya kamera ndiyo saa ambayo uso wake wahitajiwa mbele yake, na hakuna mwanadamu aliyejaliwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Mintarafu ya tabu hiyo nataka kusema kidogo, kwa sababu naona kwamba wanaoandika habari za picha aghalabu huwasifu mno watengenezaji wa kamera na kuwasahau watu waliokaa mbele yake peke yao, wakakisia kwa akili kile ambacho macho yao hayakuweza kukiona. Na katika kukisia huko, kwa maoni yangu, ndimo yalimozaliwa maarifa mengi ya nuru na kivuli ambayo baadaye yalihesabiwa kuwa mali ya kila studio.

Siri ya Mfaransa Daguerre ya kupata picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha ilifunuliwa hadharani mjini Paris tarehe 19 Agosti 1839, na kabla ya mwaka ule kwisha habari zake zilikuwa zimevuka bahari na kufika Philadelphia, Marekani, ambako Robert Cornelius alikuwa akifanya kazi katika biashara ya baba yake ya kutengeneza taa. Hakuwa mpiga picha, kwani kazi hiyo ilikuwa haijapata watu wake. Alikuwa fundi wa madini aliyejua kuipaka shaba fedha na kuisugua hata ing'ae, na kwa ujuzi huo Joseph Saxton, mvumbuzi wa mjini humo, alimwomba amtengenezee mabamba ya kupigia picha. Mabamba yakamtia hamu. Katika Oktoba au Novemba ya mwaka ule alitoka nyuma ya duka lao, akaisimamisha kamera mwangani, akaifunua lenzi, akaenda kukaa mbele yake bila ya kutikisika. Picha ile ingaliko, imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na aitazamaye huona mara moja alama za tabu niliyoitaja: Cornelius hakukaa katikati, nywele zimemtimka, mikono ameikunja kifuani, na macho yake yanaelekea kando kidogo. Wengine huziita kasoro. Mimi huzipenda, maana ndizo shahidi kwamba nyuma ya lenzi hapakuwa na mtu wa kumwambia, “Sogea kidogo kulia.”

Mwaka uliofuata Cornelius alifungua studio akishirikiana na daktari Paul Beck Goddard, aliyekuwa amegundua kwamba mvuke wa bromini hulifanya bamba liipokee nuru upesi zaidi. Humo alitumia vioo vikubwa vya kuirudisha nuru ya jua juu ya uso wa mteja, na kati ya nuru na mteja akaweka kioo cha buluu. Hila hii yastahili kufikiriwa, kwa kuwa bamba la siku zile halikuona ila miale ya buluu na ya urujuani, na rangi nyekundu kwake ilikuwa sawasawa na giza. Kwa hiyo kioo cha buluu kiliondoa mng'ao uumizao macho, kisiondoe sehemu kubwa ya ile nuru ambayo bamba lenyewe liliihitaji. Sishangai kwamba hila hiyo ilitumiwa na mtu aliyekwisha kuionja adha ya kukaa mbele ya lenzi kwa muda mrefu huku akijizuia kupepesa. Baada ya miaka michache aliiacha studio na kurudi kwenye taa zake.

Wakati huo huo, huko Ufaransa, karani mmoja wa Wizara ya Fedha aitwaye Hippolyte Bayard alikuwa na uchungu moyoni. Alikuwa amebuni njia yake mwenyewe ya kupata picha juu ya karatasi, na katika Juni 1839, kabla siri ya Daguerre haijatangazwa, alikuwa amekwisha kuzionyesha picha zake mbele ya watu. Walakini Arago, mwanachuoni mwenye sauti serikalini, alikuwa mtetezi wa Daguerre, na jambo la Bayard likawekwa kando. Daguerre akapewa malipo ya franki 6,000 kila mwaka maisha yake yote. Bayard akapewa franki 600 akanunulie vyombo. Jawabu lake kwa dhuluma ile halikuwa barua wala kesi, bali picha. Katika Oktoba 1840 alijipiga akiwa kifua wazi, amefunikwa shuka kuanzia kiunoni, kichwa kimelala upande, macho yamefumbwa, na kofia yake ya ukindu imetundikwa karibu naye. Na nyuma ya karatasi akaandika kwamba hii ndiyo maiti ya Bayard, aliyejitosa majini kwa sababu serikali imempa Daguerre mengi mno na yeye haikumpa kitu. Marehemu huyo aliishi karibu miaka 47 zaidi, akafa mwaka 1887.

Watu wengi huikumbuka picha hii kwa mzaha wake, na mzaha wenyewe ni mzuri, lakini mimi nautazama ufundi uliomo. Karatasi ya Bayard ilihitaji dakika nyingi mbele ya nuru, kama kumi na mbili hivi, na katika muda huo hakuna mtu mwenye uhai awezaye kufumbua macho bila ya kupepesa, wala kushikilia tabasamu bila ya midomo kutetemeka. Basi yeye alichagua hali ya pekee ambayo ndani yake kutotikisika si kasoro, bali ndiko hasa kunakotakiwa, yaani hali ya mfu. Aliinamisha kichwa kikapata kiegemeo, akafumba macho yasiharibu kazi, akakunja mikono tumboni ikatulia yenyewe. Udhaifu wa karatasi yake akaugeuza kuwa maudhui ya taswira yake. Katika tarehe nzima ya kujipiga picha sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa udhahiri zaidi kwamba fundi asiyejiona lazima aione picha yake kwanza moyoni, kisha auweke mwili wake mahali ambapo lenzi itaukuta.

Katika picha ile ile pana jambo jingine ambalo Bayard alilifanyia mzaha tena: uso na mikono imetoka myeusi kuliko kifua, naye akawaonya watazamaji kwamba maiti imeanza kuoza. Sababu ya kweli ilikuwa jua. Ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa imeiva na kuelekea wekundu, na karatasi isiyoujua wekundu iliusoma kuwa weusi. Upofu huu uliwatesa wapiga picha kwa zaidi ya miaka thelathini, wakapata midomo kama iliyopakwa wino na mbingu nyeupe isiyo na wingu, mpaka mwaka 1873 Hermann Vogel wa Berlin alipogundua kwamba rangi fulani za kutilia nguo zikichanganywa na dawa ya bamba hulifanya lianze kuona kijani na manjano. Na mabamba yenye kuona rangi zote, wekundu ukiwamo, yakaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1906. Kwa mtu wa ngozi ya kahawia hili halikuwa jambo dogo. Ngozi ya kahawia ina wekundu mwingi ndani yake, na juu ya bamba la zamani sura nzima, pamoja na mikunjo ya paji na mviringo wa shavu, iliweza kuzama katika weusi mmoja usio na daraja, ilhali kanzu au shati jeupe likiwaka chini yake. Mabamba hayo mapya yalirudisha daraja hizo. Sifa ya picha ya nyeusi na nyeupe haimo katika weusi wala weupe, bali katika kijivu kingi kilicho kati ya hayo mawili, na ndicho kilichochelewa kupatikana.

Habari za vyombo nitazipita haraka. Nadar, mpiga picha mashuhuri wa Paris, karibu na mwaka 1865 alijipiga mara kumi na mbili akizunguka kidogo kidogo, pande zote za kichwa zikaonekana, na sidhani kwamba alifanya hivyo bila ya msaidizi. Baadaye kikaja kipira cha mpira chenye mrija, ambacho mtu alikibana kiganjani au chini ya kiatu, upepo ukaenda kuifyatua kamera. Na katika picha kadhaa za zama zile mrija huonekana ukitambaa sakafuni, kwa kuwa mwenyewe alisahau kuuficha. Kisha ikaja saa ndogo ya kamera, inayojizungusha na kufyatua yenyewe baada ya sekunde kadhaa, ikampa fundi muda wa kukimbia na kukaa, lakini haikumpa jicho.

Waliotafuta jicho walirudi kwenye kioo. Ilse Bing, Mjerumani aliyekuwa akikaa Paris, mwaka 1931 alipanga vioo viwili hata picha moja ikamwonyesha uso kwa uso, jicho limesogea kwenye kamera yake ya Leica, na papo hapo ikamwonyesha kwa upande. Vivian Maier, aliyekuwa yaya katika nyumba za watu huko Chicago, alijipiga kwa miaka mingi katika vioo vya madirisha ya maduka, na mara nyingine akaridhika na kivuli chake tu juu ya majani. Picha hizo ni nzuri, lakini kioo hutoza ushuru wake: kamera lazima iingie katika picha, na mikono lazima iishike. Anayetaka mikono yake iwe huru hana budi kurudi kwenye kukisia.

Kazi ya studio, ambayo pwani yetu iliijua kupitia kwa mafundi wa Kigoa na wa Kihindi, kama vile Ranchhod Oza aliyeanzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, ilimfundisha fundi kukisia nyuso za watu wengine kutwa nzima. Yaliyoweza kutokea fundi wa namna hiyo alipojigeuzia maarifa yake mwenyewe twayaona Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Samuel Fosso alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa jamaa zake Waigbo, vita vya Biafra vikamkuta huko, na mwaka 1972 akachukuliwa na mjomba wake, mshona viatu wa Bangui. Alijifunza upigaji picha kwa jirani kwa miezi michache tu, na katika Septemba 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe.

Mchana alipiga picha za wateja za pasi, za harusi na za watoto. Jioni ilipofika, filamu aghalabu ilikuwa na nafasi mbili tatu zilizobaki, na madhali mteja alitaka picha yake kesho, filamu haikuweza kungoja ijae. Ilibidi isafishwe usiku ule ule. Nafasi hizo Fosso hakuzitupa. Alifunga mlango, akavaa suruali zilizopanuka chini na viatu vya soli nene alivyoviona kwa wanamuziki na katika magazeti ya Wamarekani weusi, akasimama kati ya mapazia na taa zake, akajipiga. Nyingine alimpelekea bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu yu hai na mzima. Katika baadhi ya picha hizo taa za studio zaonekana kando, hazikufichwa, na mtazamaji aweza kufuata nuru tangu inapotoka mpaka inapotua begani. Nguo nyeupe imewekwa juu ya pazia la giza, nayo nguo nyeusi imesogezwa penye mwangaza, hata umbo halizami mahali popote. Kijana asiyekwenda chuo chochote cha sanaa aliyajua hayo, kwa sababu kutwa nzima alikuwa ameyapanga kwa ajili ya wengine pale pale, penye taa zile zile.

Picha hizo zilikaa katika masanduku yake hata mwaka 1994, zilipoonyeshwa Bamako katika maonyesho ya kwanza ya picha za Afrika mjini humo. Jina lake likaenea. Mwaka 2008 akatengeneza mfululizo wa picha za nyeusi na nyeupe, ambamo kwa nywele za bandia, mavazi na rangi za usoni alijigeuza kuwa Lumumba, Nkrumah, Haile Selassie, Malcolm X, Angela Davis, Tommie Smith aliyeinua ngumi, na Muhammad Ali katika ile picha aliyoigiza kuchomwa mishale. Kazi hii ilikuwa na ugumu wa aina yake, kwa kuwa kila moja iliiga picha ya zamani iliyojulikana na watu, nyingine ya gazeti, nyingine ya polisi. Na aigaye picha haimtoshi kuiga sura, bali lazima asome katika kivuli kilicho chini ya pua na taya mahali taa ilipokuwa imesimama miaka arobaini kabla, kisha aisimamishe yake hapo hapo.

Ustadi wa picha za 2008 siupingi, na wanaozitukuza wana hoja. Walakini ningeambiwa nichague moja ya kutundika ukutani kwangu, ningechukua ya miaka ile ya kwanza, iliyopigwa kwa filamu ya mteja aliyekwisha kulipa, kwa kuwa katika zile za baadaye Fosso alikuwa na wasaidizi wa kumpamba na picha za watu wengine za kumwongoza, bali jioni zile za Bangui hakuwa na mtu, wala hakujua ametokaje mpaka filamu ilipotoka katika dawa.