Moroni: mji mkuu wa Komoro uliojengwa juu ya mawe ya volkano

Moroni ni mji mkuu wa Muungano wa Komoro na ndio mji mkubwa kuliko yote nchini humo, ukiwa na wakazi zaidi ya laki moja. Upo katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Ngazija, ambacho wenyewe hukiandika Ngazidja na Wafaransa hukiita Grande Comore. Ni mji wa zamani wa Waislamu wa mwambao, wenye vichochoro, misikiti na nyumba za mawe kama zile za Unguja, Lamu na Mombasa.

Kwa mfanyabiashara au mwenye chombo kutoka Afrika Mashariki, jambo kubwa la kufahamu ni kwamba Moroni ulikua mahali pasipo na bandari ya kina na pasipo na mto. Bei ya bidhaa, muda wa kushusha mzigo na nafasi ya vyombo vidogo katika biashara hii hutegemea sana mambo hayo mawili.

MAHALI MJI ULIPO

Visiwa vya Komoro vimo katika mlango wa kaskazini wa Mkondo wa Msumbiji, kati ya pwani ya Afrika na Madagaska. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi Moroni ni takriban kilomita 700, na kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Mtwara ndiyo bandari ya Tanzania iliyo karibu zaidi, kwani umbali wake haufiki kilomita 400. Hata hivyo mizigo mingi ya Tanzania imezoea kupitia Dar es Salaam na Zanzibar, kwa sababu huko ndiko waliko wauzaji wa jumla, mawakala na jamaa wa Kikomoro.

Nyuma ya mji umesimama mlima Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361. Moroni umekaa kwenye miguu ya mlima huo, juu ya mawe meusi ya lava yaliyoganda baada ya kumiminika hadi baharini. Upo hata mtaa unaoitwa Coulée, neno la Kifaransa lenye maana ya mmiminiko. Kusini mwa mji kuna Iconi na kaskazini kuna Itsandra, miji miwili ya kale ambayo zamani ilishindana na Moroni.

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Prince Said Ibrahim upo Hahaya, kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa mji. Abiria na mizigo ya ndege hufika Moroni kwa barabara ya pwani.

MVUA NYINGI, MITO HAKUNA

Moroni hupata mvua zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, lakini Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Maji hupenya kwenye mawe ya volkano na kupotelea chini. Kwa karne nyingi watu wameishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani na kuhifadhiwa katika birika za nyumba na za misikiti. Siku hizi mji hutegemea pia maji yanayopampuliwa kutoka visimani.

Ardhi ya namna hiyo haifai kwa kilimo cha mpunga wa kutosheleza kisiwa kizima. Wakulima wa Komoro wanasifika kwa vanila, karafuu na ilangilangi, ua ambalo mafuta yake hutumika kutengenezea manukato. Mazao hayo huuzwa nje, na chakula kingi, hasa mchele, huagizwa kutoka nje. Mahitaji mengine makubwa ya Moroni ni saruji, nondo, mafuta, unga, sukari, nyama, magari na vipuri.

Karthala nayo hukumbusha kuwa iko hai. Mwaka 1977 lava iliharibu kijiji cha Singani kusini mwa kisiwa. Mwaka 2005 mlima ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Majivu yalianguka hadi Moroni, na kwa kuwa watu wengi walitegemea birika, maji ya kunywa ya wakazi zaidi ya laki moja yaliingiliwa na majivu.

KUTOKA KWA MASULTANI HADI WAFARANSA

Kabla ya ukoloni Ngazija haikuwa na mtawala mmoja. Ilikuwa na masultani kadhaa, na aliyewazidi wenzake kwa nguvu alitambuliwa kwa cheo cha Tibe. Moroni ulikuwa katika usultani wa Bambao, ambao kitovu chake cha awali kilikuwa Iconi. Msikiti wa zamani wa Ijumaa ulio ukingoni mwa bandari ya majahazi ulijengwa mwaka 1427. Hivyo mji ulikuwa na jamii kubwa ya Waislamu miaka mingi kabla ya Wareno kufika bahari hii.

Biashara ya mji ilifuata pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na pwani ya Waswahili, na kusi ikavirudisha. Mwanzoni mwa karne ya 19 mashambulizi ya watekaji watumwa kutoka Madagaska yaliitesa pwani ya Ngazija. Wakazi wa Iconi bado wanawakumbuka wanawake wa mji huo waliojirusha kutoka kwenye jabali ili wasichukuliwe utumwani.

Sultani Said Ali wa Bambao, akiwa katika mapambano na wapinzani wake, aliingia mkataba na Mfaransa Léon Humblot mwaka 1885, na mwaka 1886 Ngazija ikawa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Kampuni ya Humblot ilijipatia ardhi kubwa ya kisiwa kwa mashamba ya mazao ya kuuza nje. Tatizo la kisiwa kinacholima cha kuuza na kununua cha kula lina mizizi pia katika zama hizo.

JINSI MORONI ULIVYOKUWA MAKAO MAKUU

Wakati mwingi wa ukoloni makao ya serikali hayakuwa Moroni. Ufaransa ilianza na kisiwa cha Mayotte mwaka 1841, na makao yake yakawa Dzaoudzi, kisiwa kidogo chenye maji matulivu yaliyozungukwa na miamba ya matumbawe. Mwaka 1958 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu kwenda Moroni, na kazi hiyo ikaendelea katika miaka ya 1960.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama ya kisiasa. Watu wengi wa Mayotte waliona wamenyang'anywa ajira na hadhi, na manung'uniko hayo yakalitia nguvu kundi lililotaka kubaki na Ufaransa. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru na Mayotte ikakataa. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ilijitangazia uhuru ikiongozwa na Ahmed Abdallah, lakini Mayotte ilibaki chini ya Ufaransa. Tangu mwaka 1995 Mkomoro anayetaka kwenda Mayotte hutakiwa kuwa na viza. Njia ya baharini iliyokuwa ya ndugu na wachuuzi ikageuka mpaka unaolindwa, na watu wengi wamepoteza maisha wakijaribu kuuvuka kwa mashua.

Moroni ulipitia misukosuko mingi baada ya uhuru. Abdallah alipinduliwa Agosti 1975, akarudishwa mwaka 1978 kwa msaada wa askari wa kukodiwa wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, kisha akauawa Novemba 1989. Mwaka 1997 kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe hukiita Ndzuwani, kilitangaza kujitenga. Katiba ya mwaka 2001 iliunda Muungano wa Komoro na kukipa kila kisiwa mamlaka yake. Mgogoro wa Anjouan uliporudi, majeshi ya Komoro na ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wa Tanzania, yaliingia kisiwani humo Machi 2008.

BANDARI: KIINI CHA GHARAMA

Bandari ya Moroni ni ndogo na maji yake si ya kina. Meli kubwa zimekuwa zikitia nanga nje, na shehena huhamishiwa kwenye matishari ili ifikishwe gatini. Mzigo hushikwa mara mbili, na kila mara una gharama yake na hatari ya kulowa, kuvunjika au kupungua. Bahari inapochafuka kazi husimama na meli husubiri.

Bandari yenye kina ya nchi hiyo ni Mutsamudu, kisiwani Anjouan, iliyojengwa miaka ya 1980. Ipo kiasi cha kilomita 135 kutoka Moroni. Shehena inayoshushwa huko kwa ajili ya Ngazija hulazimika kupakiwa tena kwenye chombo kidogo. Kwa hiyo utulivu wa Anjouan si suala la wanasiasa peke yao. Wakati wa mgogoro wa kujitenga, wenye mizigo wa Moroni nao waliathirika.

Udhaifu huohuo wa bandari umewapa nafasi wenye majahazi na meli ndogo kutoka Tanzania. Chombo kisichohitaji kina kikubwa kinaweza kufika gatini, kuleta mzigo mchanganyiko wa wafanyabiashara wengi na kuondoka bila kusubiri tishari. Bandari ya Moroni ikija kupata gati la meli kubwa, nafuu itakuwa ya mlaji, na wenye vyombo vidogo watapaswa kutafuta faida nyingine ya kuwapa wateja.

Msimu nao ni wa kuzingatiwa. Kati ya Novemba na Aprili ni kipindi cha joto, mvua na hatari ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019 kabla ya kuipiga Msumbiji. Mei hadi Oktoba ni kipindi cha ukavu na baridi kiasi, ingawa kusi huweza kuvuma kwa nguvu.

SOKO NA WATEJA

Soko kubwa la mji ni Volo-Volo, linalouza karibu kila kitu, kuanzia vitambaa na vyombo vya nyumbani hadi mboga na samaki. Mji wa kale nao, hasa mtaa wa Badjanani, una maduka madogo karibu na bandari.

Mahitaji hupanda mara mbili: kuelekea Ramadhani na Idi, na wakati wa Julai na Agosti, Wakomoro wanaoishi Ufaransa wanaporudi nyumbani kwa ajili ya anda, yaani harusi kubwa ya kimila. Anda humpa mtu heshima katika mji wake, na hununuliwa dhahabu, nguo, mchele na ng'ombe kwa wingi. Fedha zinazotumwa na ndugu walioko Ufaransa ndizo nguzo kubwa ya ununuzi wa Moroni. Anayefikisha mzigo mwezi Septemba amelikosa soko.

Lugha si kikwazo kikubwa. Kingazija ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, na wapo wengi waliowahi kuishi au kusoma Zanzibar na Dar es Salaam. Undugu huo ni wa zamani: hata chama cha ukombozi cha MOLINACO kilianzishwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini hati za forodha na za benki huandikwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo wageni wengi hukwama.

FEDHA, USHURU NA UKAGUZI

Sarafu ni faranga ya Komoro, iliyofungwa kwa yuro kwa kiwango cha faranga 491.96775 kwa yuro 1. Kwa hiyo, kwa mtu anayenunua bidhaa kwa shilingi, hatari ya kubadilika kwa thamani ipo kati ya shilingi na yuro.

Komoro ni mwanachama wa COMESA na iliingia katika eneo lake huru la biashara mwaka 2006. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo COMESA. Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Komoro ilikuwa mwanachama kamili wa SADC mwaka 2018, na Agosti 2024 ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani. Uanachama wa jumuiya hauondoi ushuru wenyewe kwa wenyewe. Cheti cha uasilia wa bidhaa na aina ya mzigo ndivyo huamua. Aidha, mchele wa kawaida kwa miaka mingi umeagizwa na shirika la umma la ONICOR, hivyo si bidhaa ya kupakia kabla ya kuuliza.

Afya ya watu na mifugo huangaliwa kwa makini. Mwaka 2003 na 2004 ndigana kali iliua ng'ombe wengi Ngazija, na watafiti waliihusisha na ng'ombe walioingizwa kutoka Tanzania. Februari 2024 Komoro ilitangaza mlipuko wa kipindupindu baada ya chombo kilichotoka Tanzania kufika Moroni kikiwa na wagonjwa. Nahodha asiye na karatasi za afya za abiria au za mifugo ajue kwamba anaweza kuzuiwa nje ya bandari, na siku za kusubiri hulipwa na mwenye mzigo.

KABLA YA KUPAKIA

Wafanyabiashara wanashauriwa kuuliza mambo manne: mzigo utashushwa Moroni kwenyewe au Mutsamudu, utaingia gatini moja kwa moja au kwa tishari, nani atalipia uhamishaji huo, na nani Moroni atashughulikia hati kwa Kifaransa. Majibu yaandikwe katika mkataba kabla chombo hakijang'oa nanga, kwa kuwa bei iliyokubaliwa Dar es Salaam bila majibu hayo huwa bado haijakamilika.