Nyuga maalum: Jinsi ya kuonyesha thamani zote katika tovuti
WordPress, programu ya kuundia tovuti iliyozinduliwa mwaka wa 2003, humwezesha mhariri kuambatisha nyuga maalum kwenye makala, yaani visanduku vya habari za ziada. Katika tovuti ya vitabu, uga wa "mwandishi" waweza kuhifadhi majina matatu.

Kiolezo cha ukurasa huyasoma majina hayo kwa amri ya get_post_meta. Amri ikimalizika kwa neno true, hurudisha jina la kwanza pekee. Waandishi wawili hawatatajwa kamwe. Ikimalizika kwa false, hurudisha orodha nzima, nayo foreach huipitia jina baada ya jina. Kabla ya kuonyeshwa, kila jina lipitishwe katika esc_html, ili msimbo hasidi uliofichwa humo usimdhuru msomaji.