Kiti cha Mgeni

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ofisi nayo hujulikana vivyo hivyo.

Seyyid Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib, Unguja, mwaka 1883, milango yake ilichongwa aya za Kurani, ili aingiaye atambue dini na fahari ya dola. Baada ya mwaka 1911 Waingereza waliligeuza jumba lilo hilo kuwa ofisi za serikali; palipokuwa pa sherehe pakawa pa meza na majalada.

Bara nako, sura ya Malkia ilitoweka kutani Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, ikatundikwa ya Mwalimu Nyerere. Hata leo, katika ofisi za umma toka Dar es Salaam hadi kata ya Mwamkulu, Mpanda, penye wakulima wa mpunga, Baba wa Taifa hutundikwa pamoja na Rais aliye madarakani.

Lakini picha ni ahadi. Fanicha ndiyo ushahidi. Mkulima aliyeleta shauri la shamba lake akisimamishwa mbele ya meza pana, ukuta wanena usawa, sakafu yanena ubwana. Basi atakaye kujua ofisi yathamini nini, na atazame kwanza kiti cha mgeni.